Swali la Machungwa Thelathini

Nilipotoka kumzika mama kule Dindira, wajomba walinifungia mkungu wa ndizi nirudi nao Korogwe. Sikuwa na hamu ya kitu chochote, lakini cha msibani hakikataliwi, nikaupokea. Nilipofika nyumbani niliuegemeza kwenye kona ya chumba ninachoshonea nguo, nikafunga dirisha, nikausahau. Siku ya nne nilifungua mlango asubuhi, harufu ikanipokea kabla sijaingia. Ndizi zilikuwa zimeiva zenyewe, na harufu yake tamu na nzito ilikuwa imejaa chumba chote. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikashindwa hata kwenda kufungua dirisha. Wateja wangu wananijua kwa mdomo mkali, na wajukuu huniita Bibi Polisi wakidhani sisikii. Asubuhi ile nililia kama mtoto, tena si kwa sababu ya msiba peke yake. Nililia kwa sababu ya swali la hesabu.

Wenzangu wa rika langu mtavikumbuka vijiji vile vya ujamaa vilivyopangwa kwa mstari, nyumba zote zikitazama barabara. Sisi tulihamia cha kwetu, upande wa Misima, nikiwa darasa la tatu. Bibi yangu, mama yake baba, hakukipenda hata siku moja. Alisema huko tulikotoka mgeni alibwekewa na mbwa kwanza ndipo akaonekana, lakini hapa kila apitaye anajua sufuria yako ina nini. Alikuwa na haki ya kulalamika, maana sisi tulikuwa na jambo ambalo watu walilitazama. Nyumba yetu haikuwa na mama.

Alikuwepo, mzima wa afya, ila hakuwepo kwetu. Yeye na baba walishindwana. Hilo ndilo neno alilolitumia bibi, na mpaka leo sijapata jingine la kuongezea. Alipewa talaka yake akarudi kwao mlimani, akatuacha watatu: mimi mkubwa, na wadogo zangu wawili wa kiume; yule wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya. Wale wawili walisahau kwa raha zao, wakawa wanamwita bibi mama. Mimi nilikuwa na umri mbaya. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka kila kitu, lakini nikiuliza naambiwa niende nikacheze.

Kila baada ya miezi miwili mitatu mama alikuja kutuona. Alishuka mlimani alfajiri, akapanda basi la Handeni pale Korogwe, akateremka njia panda ya kijiji chetu jua likiwa utosini, kikapu kichwani. Basi hilohilo likirudi jioni ndilo lililomchukua. Hakuingia ndani. Kwetu, mwanamke aliyepewa talaka akirudi kuwaona wanawe hukaribishwa barazani, hutandikiwa mkeka, husalimiwa vizuri, lakini hali kitu kwenye nyumba ile. Kula ni kurudi. Watu wakimwona anatafuna mlangoni pa mume aliyemwacha, watasema ndoa imefufuka bila shehe wala mashahidi. Bibi hakuwa na ubaya naye. Walizungumza habari za mvua, za wagonjwa, za bei ya sabuni. Lakini ugali ukiiva bibi alitwambia tu tuingie tukale, na mama alibaki nje peke yake, amekunja miguu, anatazama barabara. Hata maji alikuja nayo, kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi la muhindi.

Kikapuni mlikuwa na ndizi, maana kwenye ukame wetu ule ndizi mbivu ilikuwa tunu. Aliyeleta ndiye anayegawa, hilo nalo ni la kwetu, ili baadaye pasiwe na manung'uniko. Mama alitandaza khanga, akakata vichane, akapanga mafungu matano. La baba aliliweka kwanza, ingawa baba siku hizo alijitafutia kazi shambani mpaka basi lipite. La pili la bibi. Kisha matatu yetu. Zikibaki moja mbili aliziongeza kwenye fungu la bibi. Fungu lake halikuwepo. Mimi nilikaa nimekodolea macho vidole vyake. Kila alipokuja nilimwomba Mungu ajisahau, ajisahau mara moja tu, amenye ndizi aitie mdomoni, majirani waone, ndoa ifufuke. Hakujisahau hata siku moja.

Jioni mimi ndiye niliyemsindikiza hadi njia panda. Siku moja, nikiwa nimeshaingia darasa la saba, aliniuliza mwalimu anasemaje kuhusu masomo yangu. Nikamwambia anasema nikifaulu nitapelekwa sekondari ya bweni Korogwe.

"Basi soma," akasema. "Korogwe si mlangoni pa mtu. Nitakuwa nashuka na chakula siku ya gulio, tukae popote pale, tule sahani moja mimi na wewe."

Tangu jioni hiyo sikusoma kwa ajili ya taifa wala kwa ajili ya kujitegemea, kama tulivyoimba kwenye paredi kila asubuhi. Nilisoma kwa ajili ya sahani moja. Sikumwambia mtu. Kwa nilivyokuwa, hata ningetaka kumwambia mtu nisingempata. Wasichana wenzangu walikuwa wameniita mtoto wa barazani muda mrefu mpaka wao wenyewe walisahau kwamba ni utani. Wakati wa mapumziko wao wakicheza rede, mimi nilikwenda nyuma ya ghala la mahindi la kijiji, nikakokotoa hesabu mchangani kwa kijiti, nikafuta kwa unyayo, nikakokotoa nyingine. Kuku wa mlinzi wa ghala walinizoea. Nikikumbuka utoto wangu nakumbuka kuku wale kuliko ninavyokumbuka sura za wanadarasa.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mwalimu Mhina, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Shule yetu kwa kawaida ilitoa mtu mmoja kwenda sekondari, wawili mwaka ukiwa mzuri, na miaka mingine haikutoa kitu. Mwaka ule alikuwa na matumaini na wawili: mimi na Hamisi, mtoto wa fundi baiskeli. Alitubakisha saa za jioni, akatupa maswali ya miaka ya nyuma, na alipenda kusema kwamba hesabu haina mjomba wala shangazi, haimjui mtu. Niliyaamini maneno hayo. Nilidhani ndiyo sababu naipenda.

Siku ya mtihani alikuja msimamizi mgeni na bahasha iliyopigwa lakiri. Tulikuwa tumekaa mmoja mmoja kwenye madawati yaliyosogezwa mbalimbali, kila mtu na penseli yake, na mimi nilikuwa na mbili kwa sababu mama aliniletea moja ya akiba. Karatasi ya hesabu ilikuwa imechapwa kwa wino hafifu. Maswali ya mwanzo yalikuwa ya kujumlisha na kugawa tu, nikayamaliza haraka. Nikafungua ukurasa wa pili, nikalikuta. Nalikumbuka neno kwa neno, maana nimekaa nalo zaidi ya nilivyokaa na mume.

*Mama alikuwa na machungwa thelathini. Aliyagawa sawasawa kwa watu wote wa nyumba yake. Katika nyumba hiyo wamo baba, bibi na watoto watatu. Kila mtu alipata machungwa mangapi?*

Nililisoma mara moja, nikarudi mwanzo. Baba, bibi na watoto watatu. Hao ni sisi. Nilidhani, na naomba msinicheke, kwamba huko Dar es Salaam wanakotungia mitihani kuna mtu anaifahamu nyumba yetu. Labda wale maofisa waliotuandikisha siku tulipohamia kijijini ndio waliopeleka habari, wakakosea kidogo tu, wakasema machungwa badala ya ndizi. Sikuwahi kuona kitabu chenye nyumba kama yetu. Vitabuni mama alikuwa yuko jikoni tangu ukurasa wa kwanza, na baba anasoma gazeti. Sasa nyumba yetu ilikuwa imepigwa chapa, na saa ileile ilikuwa inasomwa na watoto wa nchi nzima. Nilitazama migongo ya wenzangu iliyoinama nikahisi kwamba kwa mara ya kwanza wote wamekuja kutukalia barazani, na hakuna anayecheka.

Sikusita. Mafungu ni matano. Thelathini kwa tano ni sita. Niliandika sita, nikaikoleza kwa penseli, nikaendelea na mengine nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo darasani.

Msimamizi alipoondoka na bahasha zake, Mwalimu Mhina alitukusanya nje ya ofisi, kila mmoja ataje swali analolikumbuka. Ilikuwa desturi yake, hakuweza kusubiri. Kulikuwa na swali la watu kumi wanaolima shamba kwa siku sita, je, watu ishirini watalilima kwa siku ngapi? Kijana mmoja akasema ameandika siku kumi na mbili. Alipoulizwa kwa nini, akaeleza kwamba kwenye shamba la kijiji watu wakizidi kila mmoja humngoja mwenzake ashike jembe kwanza. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akageuka haraka kutazama kama mwenyekiti wa kijiji hapiti.

Halafu Hamisi akataja swali la machungwa. Mwalimu akauliza jibu, na wote wakajibu kwa pamoja, kama kwaya, kwamba ni tano. Sauti yangu tu haikuwemo. Mwalimu akaeleza kwamba swali lile lina mtego mdogo: anayesoma haraka atagawa kwa tano, lakini mama naye ni mtu wa nyumba yake, kwa hiyo wako sita.

"Mwalimu," nikasema, "kama yeye anagawa tu?"

"Akigawa tu, yeye atakula nini?"

Wenzangu wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja wao alikuwa na mama nyumbani aliyeonja mchuzi kwa kiganja na kulamba mwiko, na kwao nililouliza lilikuwa swali la kipumbavu. Mwalimu naye alianza kucheka, halafu akanitazama, na kicheko kikamwishia. Alijua ninatoka nyumba gani. Wengine walipotawanyika aliniambia nibaki. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kweli swali lile halikuandikwa vizuri, mtunzi angesema wazi kama mama yumo kwenye hesabu au hayumo, asingewaachia watoto kukisia. Nikamuuliza, je, anayesahihisha atajua kwamba mtu anaweza kusoma vingine?

"Anayesahihisha ana jibu moja tu kwenye karatasi yake, mwanangu," akasema. "Hatakuwa na nafasi ya kukuuliza kwenu mnaishije."

Miezi ya kusubiri majibu sikupata usingizi mzuri. Niliyapitia maswali mengine yote kichwani na kila mara niliishia kwenye lile. Bibi alidhani nina minyoo akanichemshia mizizi michungu. Baba aliniuliza mara moja kama mtihani ulikuwa mgumu, nikasema ulikuwa wa kawaida, akasema vizuri, akaenda zake. Wadogo zangu waligombania penseli yangu ya akiba mpaka wakaivunja. Nyumba ilikuwa na watu na kelele tele, na mimi nilikuwa kama niliyefungiwa ndani ya debe.

Majibu yalipokuja yalikuwa na jina moja kutoka shule yetu, la Hamisi. Mwalimu Mhina alinifuata mwenyewe mpaka nyuma ya ghala. Alisema hakuna ajuaye nimekosa mangapi, alama hazitolewi, pengine ni swali moja, pengine ni kumi. Sasa naelewa kwamba alisema kweli. Nafasi zilikuwa chache, watoto walikuwa wengi, na nchi haikuwa na sekondari za kututosha. Lakini hakuna mtu angeweza kuniambia hivyo siku ile, na hata leo naamini nusu tu. Nilijua nimenyimwa shule kwa machungwa, na nilijua aliyenifanya nikose. Angekula ndizi moja tu, siku moja tu, ningejua kumhesabu. Nilimchukia mama yangu. Naliandika hivyo bila kulipunguza, kwa sababu nilimchukia kweli, na kwa majuma kadhaa nililala nikipanga jinsi nitakavyomwambia.

Alikuja mwezi uliofuata. Alikuwa hajui kitu, maana nani angepeleka habari mlimani? Alisalimiana na bibi, akatandaza khanga, akapanga mafungu yake. Safari hii sikutazama vidole vyake. Nilikaa nimempa mgongo nikidai nachambua mboga. Bibi alinikemea, mama akasema niachwe, pengine nimechoka. Jioni ilipofika nilimchukulia kikapu, kimebaki na khanga tu, tukaenda njia panda, tukakaa kwenye gogo lililokuwa pale.

Aliuliza kama majibu yametoka. Nikasema yametoka, amechaguliwa Hamisi. Sikumwona akilia. Alishika tu magoti yake kwa mikono miwili, akawa anatazama vumbi. Hakunilaumu, na hilo lilinizidishia hasira. Mwishowe aliniuliza kwa upole ni swali gani lililonishinda.

Hapo ndipo nilipokuwa napangoja. Mpango wangu ulikuwa nimsomee lile swali, halafu nimwambie jibu, halafu nimwambie nililoandika mimi na kwa nini. Nilitaka aumie. Nikamsomea neno kwa neno, polepole, kama msimamizi. Mama alikuwa amesoma miaka miwili tu, lakini alinisikiliza kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akatazama khanga yake iliyokuwa kwenye kikapu, na nikaona mikono yake ikisogea juu ya magoti, inaweka hapa, inaweka hapa, inaweka hapa. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Sita," akasema. Kisha akanigeukia, amechangamka kidogo. "Kila mtu sita. Mbona jepesi hili, mwanangu? Wewe uliandika ngapi?"

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Nilimtazama. Alikuwa na ile furaha ndogo ya mtu asiyesoma aliyejaribiwa kwa swali la wasomi akalipata, na hakujua bado kwamba amelikosa. Darasa zima walisema tano. Aliyekosa pamoja nami, kwa namna ileile, kwa mikono ileile, alikuwa yeye peke yake.

"Niliandika tano," nikasema.

Akakunja uso. Akahesabu tena kwa vidole, baba, bibi, watoto watatu, akabaki na kidole kimoja hewani.

"Tano kila mtu, basi watu wamekuwa sita," akasema. "Huyo wa sita ulimhesabu nani?"

"Wewe."

Alichukua khanga kikapuni akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasimama akageukia upande wa Handeni, akanipa mgongo, akasema basi linakuja, tuagane, nirudi nyumbani kabla bibi hajaanza kuniita. Nikasimama kando yake nikatega sikio. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka kule inapokata kona, na hapakuwa na mlio wowote.